Swichi Nne Zilizobanana

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kwa Mjomba,
Fundi wa Redio na Vyombo vya Sauti.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NAFASI KATI YA SWICHI NA SWICHI

Shikamoo Mjomba. Naahidi kusema yote katika barua hii, hata yale yanayonitia aibu, kwa sababu mwalimu wetu wa sayansi anasema mlalamikaji anayeficha nusu ya habari ni mmbea tu mwenye kalamu nzuri.

Bila shaka unaikumbuka amplifaya uliyoiunda kwa mikono yako miaka mitano iliyopita ukaizawadia shule yetu. Sauti yake haina kasoro. Malalamiko yangu yanahusu uso wake. Kuna swichi nne kwenye mstari mmoja: ya umeme, ya maikrofoni, ya redio na ya mwangwi. Zote nyeusi, zote umbo moja, na zimebanana upande mmoja wa bamba kama watoto wanaogombea dirisha, ilhali upande wa pili kuna uwanja mtupu unaotosha kuanikia nguo. Mimi ndiye msichana wa kwanza kukabidhiwa mashine hiyo, na yaliyonipata ni haya:

1. Wiki yangu ya kwanza, mwalimu mkuu alipokuwa akituonya kuhusu kuchelewa, nilitaka kuzima redio iliyokuwa ikikoroma chini chini. Nikawasha mwangwi. Kila onyo lilirudi mara tatu. Darasa la kwanza walidhani wanatakiwa kuitikia, wakaitikia. Kuchelewa kumebaki palepale, ila onyo lenyewe sasa wanaliimba wakiruka kamba.

2. Tulisimama dakika moja kumkumbuka mlinzi wetu mzee aliyefariki. Nilitaka kuzima maikrofoni, kidole kikateleza kwa jirani, redio ikawaka, na tangazo la magodoro likatuhakikishia kwamba sasa tutalala bila kuumwa mgongo. Mjane aliinama, mabega yakimtetemeka. Niliamini nimemfanya afiwe mara ya pili. Baadaye alinishika mkono akasema, "Usijali, mwanangu. Marehemu alilalamikia mgongo miaka thelathini. Leo amejibiwa." Basi mimi nimesamehewa. Wewe, Mjomba, bado.

3. Hili linanichoma. Wiki iliyopita nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha mashine, nikazima maikrofoni, au nilidhani nimeizima. Kisha nikajaribu, kwa sauti nzito, jinsi nitakavyotambulishwa siku moja: "Na sasa mpigieni makofi Mhandisi wetu, ambaye hajawahi kukosea." Nikasikia makofi. Yalitoka uwanjani, kwa shule nzima. Tangu siku hiyo sina jina jingine. Hata mpishi akinipakulia huniuliza, "Mhandisi, sahani yako ni ya kushoto au ya kulia? Una uhakika?"

4. Madhara yamefika nyumbani. Siviamini tena vitu vinavyokaa jirani. Jana kopo la chumvi na kopo la sukari yalikuwa yamekaribiana kidole kimoja, na baba akanywa chai ya chumvi mbele ya wageni. Nilimweleza kwa heshima kwamba chanzo ni wewe, kwani mkono uliozoeshwa kukosea shuleni hauwezi kupona njiani. Akasema, "Basi mwambie mjomba wako aje aimalize hii chai." Ujumbe nimeufikisha.

5. Kwa hiyo naomba pawe na sheria: swichi isikae na mwenzake bila nafasi ya kiganja, makopo vivyo hivyo, na rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja asogee pia, kwa kuwa kwenye jaribio la hesabu jicho langu liliteleza kwa jirani likarudi na jibu lisilo sahihi.

Mjomba, Ijumaa kuna mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu amesema nikikosea tena mara moja tu, amplifaya itafungiwa stoo na mimi nitarudishwa kupiga kengele. Kengele haina waya, haina skrubu, haina chochote cha kufungua uone ndani. Sitaki kengele.

Siamini kwamba fundi wa sifa zako alikosea hivi peke yake. Kama kuna mtu aliyekushauri, naomba unitajie. Adhabu yake napendekeza hii: akae kwenye mashine hiyo muhula mzima mbele ya shule nzima, mpaka akome. Kipimo kamili cha nafasi nitakiandika hapa chini, nikishafungua bamba kwa bisibisi uliyonipa.

Nisalimie bibi, binamu zangu wote, yule mteja aliyeacha redio yake kwako tangu mwaka juzi, na paka wa karakana.

Ni mimi mpwa wako, mtiifu ila nimeumia,
Mwangalizi wa vyombo vya sauti (kwa sasa).

Nyongeza: Nimefungua bamba. Kati ya swichi na swichi kuna sentimita moja na milimita mbili. Kwa nyuma kila nafasi imechorwa kwa penseli, na kilichochorwa ni kidole cha mtoto, pamoja na kucha yake. Chini yake kuna mwandiko mbaya ninaoufahamu: "Hapa hapa. Mjomba asisogeze." Sasa nimekumbuka. Nilikuwa na miaka tisa. Wewe ulitaka kuzitandaza kwenye bamba zima, nami nikalia, kwa sababu mkono wangu usingezifikia zote kwa pamoja. Kwa hiyo mshauri amepatikana, na adhabu yake ameshaitumikia karibu yote.

Chini ya maneno yangu kuna yako: "Sawa, Mhandisi."

Barua sikuichana kwa kuwa niliahidi kusema yote. Ila lawama ya chumvi naomba ibaki kwako. Mama, anayekuletea barua hii, hatarudi bila jibu: nije Alhamisi na bamba pamoja na kidole changu cha sasa, au tusubiri kwanza kiache kukua?