Kilti ya Jeshi Nisilolitumikia

Jumatano, 26 Novemba

Nimepata mpango. Safari hii hauna tundu hata moja.

Nilimpigia Genoveva, eti kumuuliza habari za baridi. Genoveva ni nesi wa wazee kule Woodbridge, mtu wa Bukoba kama mimi, mjane, na ana kicheko ambacho ukikisikia unasahau bili ya umeme. Akasema wiki ijayo, Jumamosi, kuna maandamano ya sherehe ya Waskoti huko Manassas. Mgonjwa wake, Mzee McRae, mstaafu wa Jeshi la Marekani, huandamana kila mwaka amevaa kilti, ile sketi ya miraba ya wanaume wa kwao. Mwaka huu yuko kwenye kiti cha magurudumu. Anatafutwa mwanamume wa kumsukuma. Ndirangu amejitolea.

Ndirangu! Mkenya wa Nyeri, fundi wa magari, aliyetumikia jeshi la hapa na sasa hata kanisani anavaa kofia ya mstaafu wa jeshi. Akipita, Wamarekani wanamshukuru kwa utumishi wake. Mimi nakaa mapokezi ya jengo la ghorofa mjini Laurel, hapahapa Marekani, mwaka wa tisa huu, hajanishukuru mtu.

Nikamwambia Genoveva nitasukuma mimi, tena nimevaa kilti yangu mwenyewe. Kikamtoka kile kicheko.

Ndirangu amekwisha.

Jumamosi, 29 Novemba

Kilti imefika. Mtumba wa mtandaoni. Niliangalia rangi tu: kijani cha zeituni, nyeusi, mstari wa dhahabu. Kama shuka la Kimasai lililopita kwenye tope. Nzuri ajabu!

Sufu nzito. Inawasha. Niliivaa mikunjo ikiwa mbele, nikazunguka nayo jengo zima, mpaka mama mmoja mpangaji akanigeuzia ikae nyuma. Kuhusu cha kuvaa chini: Waskoti wana mila zao, mimi nina baridi yangu. Nimevaa bukta ya mpira.

Jumapili, 30 Novemba

Baada ya misa nikaenda Woodbridge nimevaa. Mzee McRae akatazama magoti yangu, akapandisha macho mpaka kiunoni, akasimama. Yaani alisimama! Genoveva akamdaka kwapani. Mzee akanipigia saluti.

Kumbe si rangi tu. Miraba hiyo inaitwa tartani, na hii ni ya Jeshi la Marekani. Yeye mwenyewe anayo ya aina hiyohiyo. Akaniuliza nilitumikia wapi.

Ningeweza kusema ukweli. Lakini Genoveva alikuwa ananitazama kama ambavyo hajawahi kunitazama.

"Mahali pengi, Mzee," nikasema. "Siruhusiwi kutaja."

Jibu safi! Halihitaji hata ramani. Mzee akainamisha kichwa kwa heshima. Akasema nitamsukuma katika safu ya mbele, ya waliotumikia, na wakati wa chakula nitasimama niseme maneno machache juu ya wenzangu walioanguka.

Wenzangu walioanguka! Mimi ninayemjua aliyeanguka ni Mwaura, aliteleza kwenye barafu mlangoni pa kanisa.

Jumanne, 2 Desemba

Ndirangu amekuja mapokezi. Mpole, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Boss, ulikuwa kikosi gani?"

Nikamwambia siruhusiwi. Akacheka mpaka akashikilia meza. Kisha akanieleza, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Hakuna sheria inayomkataza raia kuvaa tartani hiyo. Wengi huivaa kwa ajili ya baba, dada, ama rafiki aliyetumikia. Ukiulizwa, unasema wazi kwamba wewe hukuwa jeshini, unamvalia fulani. Watu wanakupa mkono, mnakunywa chai, imeisha.

"Shida si hiyo sketi, boss. Shida ni mdomo."

Akasema yeye hatanichoma. Nimwambie Mzee mwenyewe kabla ya Jumamosi.

Wivu tu. Nikamwomba anifundishe saluti. Akakataa! Nimejifunza kwenye video.

Alhamisi, 4 Desemba

Genoveva amenipigia simu. Yeye! Kunipigia mimi!

Akauliza kwa nini nilimficha jambo kubwa hivyo miaka yote. Akasema marehemu mumewe alikuwa mwanajeshi, na anajua wanaume wa namna hiyo hawasemi. Nyumba inajaa wasiyoyasema. Sauti ilimlegea. Akasema Jumapili atanipikia ndizi.

Nilitaka kumwambia ukweli. Naapa nilitaka. Nikafungua mdomo, ukatoka na "Za nyama?"

Jumamosi, 6 Desemba

Nikiwa bado na akili ya kuandika, niandike.

Asubuhi njema. Upepo wa kuchuna ngozi, lakini watu wamejaa pande zote za barabara, wanapiga makofi. Mzee na medali zake, mimi nyuma ya kiti, kilti mbili zinafanana. Mama mmoja akanishukuru kwa utumishi wangu. Nikamwambia karibu tena. Niliona aibu kidogo. Kidogo sana, ikapita.

Kisha kiongozi wa safu akapiga kelele. Wote wakasimama papo hapo. Mimi nikadhani ametusifu, nikaongeza mwendo. Tukaingia na Mzee katikati ya wapiga zumari za mifuko, na zumari moja ikatoa sauti kama mbuzi anayekanyagwa. Mzee alifurahi sana. Mimi nikapiga saluti kuomba radhi. Mama mmoja mstaafu wa jeshi akanisogelea, akasema kwa upole kwamba saluti ya kiganja nje ni ya Waingereza. Kumbe ile video!

Chakula cha mchana. Waliotumikia wakasimama mmoja mmoja. Ndirangu akasema kikosi chake, akasema alitengeneza malori Kuwait, akakaa. Kwa ufupi hivyo. Zamu yangu. Nikakohoa. Nikasema siwezi kutaja mahali, lakini moyoni namkumbuka mwenzangu mmoja aliyeanguka. Jina likanitoka lenyewe.

Mwaura.

Na Mwaura, aliyetuleta kwa gari la kanisa, alikuwa meza ya nyuma na sahani ya pili. Akainua uma kuonyesha kwamba yupo.

Genoveva akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu: "Respicius, umewahi kuwa mwanajeshi?"

Hapana.

"Hata lile la Kujenga Taifa, JKT?"

Hata JKT.

Hakufoka. Alimfunika Mzee blanketi miguuni. Afadhali angefoka.

Mzee akataka kujua tumesema nini. Ndirangu akamtafsiria, bila chumvi, lazima niseme. Mzee akaniuliza sasa kwa nini niliivaa. Nikasema nilipenda rangi. Ukweli wangu wa kwanza wiki nzima, na ulisikika kama uongo.

Akasema ningemwambia tu kwamba namvalia yeye, angejivuna barabara nzima. Mwanawe mwenyewe hajawahi kumvalia.

"Haya," akasema. "Liseme sasa."

Nikasimama tena. Nikasema sikutumikia popote, tartani hii namvalia Mzee McRae. Watu wakapiga makofi. Mzee akanipa mkono, akaushika muda mrefu.

Halafu akatoa amri. Wakati wa kurudi, Ndirangu asukume kiti, mimi niende safu ya mwisho kabisa: safu ya mbwa. Vijibwa vyeusi vya Kiskoti, vyenye ndevu, navyo vimevaa miraba. Kimoja kilining'ata pindo la kilti, hakikuliachia mpaka kwenye maegesho.

Jumapili, 7 Desemba

Hakuna ndizi. Genoveva alipiga simu kuniambia hivyo, na kwamba marehemu hakuwa mtu wa kuigizwa. Nikasema samahani. Nikasema tena. Ghafla akakumbuka uma wa Mwaura, na kicheko kikamtoka bila ruhusa yake. Akasema nije Jumapili ijayo, Ndirangu naye atakuwepo, na Mzee. Nisivae cha kujionyesha.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimekuwa mtu mpya. Jeshi basi! Sitaligusa tena.

Yule muuzaji wa mtandaoni alikuwa na kilti nyingine, ya bluu na nyeusi, imetulia. Safari hii niliuliza kwanza, kama mtu mwenye adabu zake. Akasema hiyo ni tartani ya makasisi. Basi, makasisi hawapigani na mtu. Na Genoveva anawaheshimu mno makasisi.

Imefika leo. Nimeivaa mapokezi kuijaribu tu, na shati jeusi, kwa kuwa ndilo lililokuwa safi. Kijana Mkongo aliyehamia juzi amenisalimia kwa kuinama, akaniita mon père, yaani baba padri. Akasema padri wao ameugua ghafla na harusi ya dada yake ni kesho. Akaniuliza kama naweza kuwasaidia.

Nimemuuliza inaanza saa ngapi.