Malalamiko Kuhusu Suruali za Rangi ya Maziwa

Kwa Ndugu Projestus,
Mwenyekiti wa Kwaya ya Kigango,
Murukulazo.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Gervasi, mwimbaji wa sauti ya nne, umri miaka hamsini na minane, nazilalamikia rasmi suruali za rangi ya maziwa ulizotushonea.

1. Suruali hizi zina umbea. Mwanamume akishamaliza haja ndogo, akajikung'uta kwa heshima na kufunga zipu, hubaki matone mawili matatu yanayosubiri apige hatua ndipo yatoke. Suruali yangu nyeusi ilitunza siri hiyo miaka sita. Hii yako imeitangaza Jumapili ya kwanza.

2. Siku ya mashindano kule Rulenge nilitoka msalani tayari tunaitwa mbele. Jovitha wa sauti ya kwanza akaninong'oneza, "Baba, umemwagikiwa na chai?" Nikasema ndiyo. Kwa huruma akaniletea kikombe kingine, nikakinywa. Niliimba wimbo mzima nimelishikilia daftari chini ya mkanda, kwa hiyo maneno sikuyaona. Tulikuwa wa mwisho.

3. Nilikwenda zahanati. Daktari, binti mdogo kuliko mwanangu Irine, aliniamkia, kisha akasema bila kupepesa macho: "Mzee, si jambo la kutisha. Ukimaliza, usikimbilie zipu. Subiri kidogo, bonyeza taratibu nyuma ya korodani ukisukuma kuja mbele, mkojo uliobaki kwenye mrija utoke. Na kila siku kaza misuli ya huko chini kama unayezuia upepo." Nilimshukuru. Lakini, Mwenyekiti, kwa nini nifanye mazoezi mimi wakati kosa ni la kitambaa?

Naomba suruali nyeusi. Ikishindikana, sauti ya nne tuimbie nyuma ya ngoma. Ikishindikana na hilo, kwaya nzima ivae majoho, mpiga kinanda akiwemo.

Nisalimie Mama Speciose, watoto, na wanakamati wote, hata waliochagua rangi.

Wako katika uimbaji,
Gervasi

Nyongeza: Barua hii imekaa mezani wiki tatu kwa kukosa mtu wa kuileta. Katika muda huo nilifuata maelekezo ya yule binti, nia yangu ikiwa kumwonyesha kwamba amekosea. Suruali ni kavu. Wenzangu wanne wamefika nyumbani, kila mmoja kwa siku yake, wakiuliza dawa kwa niaba ya rafiki yao mwenye shida hiyo. Nimewaelekeza. Rangi ibaki hiyohiyo. Nawe Mwenyekiti, kama una rafiki, karibu.