Shamba la Mizabibu, Ghorofa ya Tisa

Jumapili, 3 Mei 2015
Nimepata! Baba yake mpenzi wangu Lynette, huko Kinangop, amesema hatoi binti kwa mlinzi asiye na shamba. Ijumaa anakaa na wazee kuamua. Mshindani wangu ni Yekoniya, Mganda wa geti la nyuma, mwenye migomba kwao Masaka, ambayo huitaja hata ukimuuliza saa. Lakini leo mpangaji mmoja ametupa gazeti, na ndani yake kuna familia inayolima mizabibu kwenye pwani ya baridi. Upepo wa bahari, ukungu, baba na watoto wote wamevaa sweta. Matajiri! Nikafikiri. Dubai ni pwani. Familia ninayo: binamu yangu Lois, anayefagia jengo hili hili. Baridi nayo imejaa mtaa wetu wa Al Mankhool mzima, ila wameifungia ndani ya nyumba. Fleti moja ya ghorofa ya tisa haina mtu, na ufunguo ninao mimi. Jamani, akili hii nimeitoa wapi?

Jumatatu, 4 Mei
Nimeenda madukani mtaa wa Naif kutafuta mche. Nikamwambia mwenye duka, Mwarabu, nataka zabibu. Akanipa pakiti ya zabibu kavu. Nikasema siyo hizo, zabibu! Akaniongeza pakiti ya pili. Kumbe kwao zabibu ni zile kavu tu, mbichi zina jina lingine. Nimerudi nikizitafuna kwa hasira. Lois akauliza kwa nini sikumwonyesha picha kwenye simu. Mfanyakazi gani huyu, anamhoji mkurugenzi? Jioni ameenda mwenyewe na simu yake, akarudi na mzabibu ndani ya ndoo. Nimempongeza kwa kutekeleza maagizo yangu.

Jumatano, 6 Mei
Ushindi! Mzabibu uko balkoni. Mlango wazi, AC kwenye kumi na sita, feni inasukuma baridi nje. Vioo vimejaa ukungu! Ukungu kabisa, kama wa kwenye gazeti! Nimerukaruka na buti zangu mpaka madam wa chini akagonga dari. Nimevaa sweta. Lois anasema mche unatetemeka. Nimemwambia unafurahi.
Zabibu zenyewe hakuna hata moja. Nimemtuma Lois supamaketi.

Alhamisi, 7 Mei
Tumefunga vichala kwa uzi. Lois alinunua vyekundu na vya kijani, eti kulikuwa na ofa. Basi mzabibu wetu unazaa rangi mbili, na hilo migomba ya Yekoniya hailiwezi. Nimepiga picha, nikamtumia Mzee, baba yake Lynette, kwa WhatsApp. Tiki za bluu! Moyo unanidunda. Nikimkosa Lynette sijui nitafanya nini na maisha haya.
Wasiwasi mmoja tu. Bwana Aboud, msimamizi wa jengo, Msudani anayenusa kila kitu, ameanza kuuliza kwa nini napanda juu kila mapumziko. Nimempanga Lois: akiulizwa, aseme niko huko naandika shajara. Kwa Kiingereza asiseme, Aboud anakijua. Kiswahili hakijui, atachoka aende zake.

Ijumaa, 8 Mei
Khalas, yamekwisha. Aboud amemkamata Lois kwenye lifti. Lois akajibu vizuri kabisa, kama tulivyopanga: shajara. Aboud akaruka. Shajara? Kwenye jengo lake? Lois, akidhani ameeleweka, akaitikia kwa kichwa: shajara, bosi, kila siku, ghorofa ya tisa! Mungu wangu, nani alijua kwamba kwa Kiarabu shajara ni mti? Wakapanda pamoja. Wakanikuta na sweta, navuna kwa mkasi. Aboud akautazama mzabibu, akatazama AC, akaketi sakafuni. Akauliza atamwambia nini arbab, tajiri mwenye jengo. Mkataba wangu unaisha mwezi huu na hautaongezwa. Yekoniya amenisaidia kushusha ndoo, akicheka njia nzima. Nimelia kidogo. Namlilia Lynette, siyo mzabibu. Sawa, na mzabibu pia.

Jumamosi, 9 Mei
Haleluya! Lynette amekuja mbio kutoka mgahawa anaofanyia kazi, mtaa wa Oud Metha, hata aproni hajavua. Baba yake aliwaonyesha wazee picha yangu. Wakaona rangi mbili, wakaona uzi, na kichala kimoja bado kilikuwa na stika ya supamaketi. Wamecheka mpaka chai ikamwagika. Ndipo Lynette akamweleza baba yake yote kwa simu, ndoo, AC na sweta. Mzee akasema kijana anayelima ghorofani, tena jangwani, kwa ajili ya binti yake, huyo ni mkulima, alichokosea ni mahali tu. Amekubali! Na ananipa nusu ekari nilime viazi. Tumekumbatiana hapo getini mpaka kofia yangu ikaanguka. Yekoniya akaniokotea. Sina kinyongo naye tena.
Lynette ameniomba jambo moja tu: nimpigie baba yake, nishukuru, niseme viazi, nikate simu.
Nimempigia. Nimeshukuru. Kisha nikamwambia asihangaike kutafuta mbegu za viazi. Huku Dubai watu wanakula tende na kutupa kokwa ovyo, na kokwa ni mbegu! Lois ameshaanza kuniokotea. Mitende, Kinangop! Hakuna jirani atakayekuwa nayo. Mzee akasema huko kwake kuna asubuhi maji ya kunawa yanaganda kwenye karai. Nimemwambia hilo nimelifikiria, nakuja na hita.