Nilivyomfuta Shemeji Pichani

Jumatatu, 4 Agosti
Leo nimeimaliza kompyuta, hakuna kilichonishinda. Haya, kuiwasha kumenishinda. Aliyeiwasha ni mpwa wangu, mwenye studio ya picha. Shida ni hii: picha ya ukoo ilipigwa mimi sipo. Nilikwenda kutafuta kiti kirefu nikae katikati. Kurudi, wamemaliza, na katikati kajaa shemeji, mume wa dada, yeye na tumbo lake. Ijumaa inatundikwa sebuleni kwa dada. Nisipokuwemo, vitukuu watadhani ukoo ni wake.

Jumanne, 5
Mpwa kanieleza, kwa uchovu: picha ni vidoti, kila kidoti kina namba. Cheusi ni sifuri, cheupe ndiyo namba kubwa kuliko zote. Ukibandika picha juu ya picha, unaiambia kompyuta izifanye nini namba hizo. Akanipiga picha peke yangu, niibandike juu ya ile ya ukoo. Nikachagua kujumlisha, mtu mzima hapunguzwi. Kumbe ukuta wa nyuma ni mweupe, na mweupe hauongezeki. Nikatoweka mzima. Yakabaki meno yangu juu ya gauni jeusi la dada.
Mpwa akachagua namna nyingine: penye vidoti viwili, kilicho cheusi zaidi ndicho kinabaki. Nikatokea safi ukutani, pembeni. Akasema si umetoka vizuri, mjomba, tosheka. Pembeni, mimi? Nikajisogeza katikati. Mimi na shemeji tukawa mtu mmoja mwenye macho manne.

Jumatano, 6
Mgongo unauma. Mpwa kaenda sokoni, nimemshikia duka. Nimegundua namna ambayo vidoti vikilingana vinakuwa sifuri. Nikambandika shemeji juu ya shemeji. Akazimika, likabaki shimo jeusi lenye tumbo. Nikambandika tena ili afutike zaidi. Akarudi, anatabasamu. Ving'ang'anizi wa dunia hii. Nikarudia, akazimika, nikaondoa mkono haraka.

Alhamisi, 7
Sifuri ukiijumlishia mimi, unapata mimi. Nimejimimina shimoni. Ila mimi mrefu, shimo fupi. Kipaji cha uso kimeishia ukutani, na mbavuni limebaki giza la tumbo lake. Nikachapa. Mpwa alipoona akauliza baba yake nimempeleka wapi. Nikamwambia yumo, kwa ndani.

Ijumaa, 8
Imetundikwa. Dada akaitazama, akashika mdomo. Akasema mume wake amekonda, amezeeka, na maskini ameanza kufanana na mimi. Nikasema ndiye mimi. Akasema kaka, usinifariji. Shemeji kalazwa kwa lazima, ananyweshwa uji. Mimi nimetumwa kuchemsha maji ya kumkanda miguu.

Jumamosi, 9
Dada ameambiwa ukweli. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka. Picha imepigwa upya kwa amri yake. Safari hii nimo, kwa mwili wangu, pembeni, ukuta mweupe nyuma. Nimetoka vizuri kuliko wote. Shemeji katikati.
Nimewaza sana. Kati yangu na katikati yupo dada tu, na dada naye ni vidoti.
Mpwa, najua unaisoma hii. Nilikushikia duka ulipokwenda sokoni, na shukrani sijaiona. Kesho ukitoka, usiizime kompyuta.