Uzee wa Bastola ya Baba

Jumatatu, 3 Machi
Vita vimetangazwa! Shemeji, mume wa dada, fundi saa, ameitazama bastola ya marehemu baba kwa ile lenzi yake ya kubana jichoni. Akatoa hukumu katikati ya chakula: ya bandia. Mama akaacha kula. Miaka yote baba alituambia ni ya kweli, aliachiwa na babu yake aliyekuwa mlinzi wa reli. Mtutu umezibwa, haiui hata mende, lakini ndio urithi wetu wote. Leo baba anaitwa mwongo, tena na mtu anayeongezewa nyama mezani kwake!

Nimepiga simu makumbusho. Mkaguzi wa silaha za kale atakuja Ijumaa. Akiithibitisha, itakaa ndani ya kabati la kioo, jina la baba chini yake. Mama ameshachagua gauni.

Jumanne, 4 Machi
Mgeni hapokelewi na uchafu. Nimeisugua kwa msasa na mafuta asubuhi nzima. Kutu yote kwisha. Nimejiona mtu. Shemeji alipita, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema sasa inafanana na bomba la sinki. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji, bila kuulizwa, ameeleza kwamba wakaguzi hutafuta uzee: kutu, madoa, mikwaruzo. Nami nimeusugua wote jana! Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Siki, chumvi, beseni la kufulia. Kufikia alasiri kutu imerudi, nyekundu, nzuri kuliko ya mwanzo! Mama aliuliza harufu ya nini. Nikamwambia naandaa achari.

Alhamisi, 6 Machi
Nimegundua namba. Moja kwenye mwili wa bastola, nyingine kwenye kile kidude cha kuzunguka kinachobeba risasi. Zikilingana, dalili njema. Zinalingana! Ila ya pili imefifia, saba inasomeka kama moja. Nimeikoleza kwa msumari na nyundo. Mkono uliteleza mara moja tu. Sasa saba ina mkia.

Mama alinikuta kazini, akasema baba yako angefurahi. Nikageukia ukuta, nikajifanya natafuta msumari mwingine. Namkumbuka sana mzee.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi ni mwanamke mfupi, mpole, wa glavu nyeupe. Aliichunguza nusu saa. Akainusa. Akavua miwani.

"Bastola ni ya kweli, ina zaidi ya miaka mia," akasema. "Uzee wake tu ndio wa bandia."

Mama akapiga kigelegele. Shemeji akapata shughuli na kamba za viatu. Kisha mkaguzi akaeleza kwamba kutu ni ya juzi na namba imechongwa upya, hivyo hawezi kuiingiza makumbusho, watu watasema ni utapeli. Kigelegele kikakatika.

"Mwanangu," mama akaniuliza taratibu, "ile achari iko wapi?"

Mkaguzi alituonea huruma. Tukipata hati yoyote ya enzi hizo yenye namba ile, atakubali.

Jumamosi, 8 Machi
Mungu si Athumani! Mama amepekua sanduku la baba, akatoa kibali cha silaha cha yule babu. Wino, muhuri, namba yote kamili. Shemeji ameomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Mkaguzi anarudi Jumatatu. Baba hakusema uongo!

Dosari ni moja tu. Baba alikitunza mno: karatasi nyeupe, haina hata kunjo. Nani ataamini ina miaka mia? Nimechemsha sufuria ya chai nzito. Ikipoa kidogo, nakichovya.