Malalamiko Dhidi ya Daktari Anayemtania Doto Bila Kuwa Mtani Wake

Ndugu Daktari Elieza,

Pole na wagonjwa. Mimi ni Adinani, fundi cherehani wa Mtendeni, Mzaramo, mtani wa Doto wa Goweko, yule Mnyamwezi aliyeanguka mtini akilina asali, akaumia uti wa mgongo, na sasa amelala wodini kwako hawezi kuinua mguu. Nakuandikia kwa heshima zote, lakini nimeudhika.

1. Unamchoma Doto homoni ya kike. Ulinieleza kwamba ni majaribio, kwamba huenda ikapunguza uvimbe na kukinga mishipa ya fahamu ambayo haijafa, na kwamba hata sisi wanaume tunayo kidogo. Nilikuelewa. Ila kumwita Doto mwanamke ni kazi yangu! Babu zake walipita kwetu na pembe za ndovu mabegani wakielekea pwani, utani ukazaliwa, nami nimeurithi. Wewe ni mtu wa Rombo. Nani alikuruhusu?

2. Sasa nikimwita Bibi Doto, nesi Janeti ananijibu kwamba hilo lipo kwenye faili. Utani ukishapigwa muhuri wa hospitali hauchekeshi tena.

3. Juzi nilimletea kanga ajifunge. Akanishukuru, Daktari! Eti wodini kuna baridi. Miaka yote jibu la Doto kwangu ni teke, tena la kunifikisha uani. Siku hizi anatabasamu tu, nami nikitoka hapo nalia njia nzima. Nitamtaniaje mtu asiyeweza kunirudishia?

4. Kwa hiyo acha sindano hizo mara moja. Kama huwezi, lete wazee wa Rombo wakae na Wanyamwezi, achinjwe mbuzi, muwe watani rasmi. Hilo nalo likishindikana, nikabidhi bomba nimchome mwenyewe. Sindano nimezizoea, ni fundi cherehani.

Wasalimie wauguzi wote, wagonjwa wa kila kitanda, na mpika uji.

Ni mimi niliyeporwa haki,
Adinani

N.B. Nimeileta barua mwenyewe, nikampitia Doto nimsomee kwanza. Nilipofika kwenye kanga, mguu wake wa kushoto ulichomoka chini ya shuka ukanigonga goti. Haukuwa na nguvu, lakini lilikuwa teke, nesi Janeti ni shahidi. Tafadhali ichane barua hii. Endelea kumchoma, Daktari, mguu wa kulia bado haujanijibu.