Kurasa Tatu kwa Kila Santuri

Jumamosi, 4 Mei

Nimedharauliwa tena! Na nani? Na fundi bomba!

Niandike kwa utulivu. Kila Jumamosi alasiri tunakutana watu watano kwenye chumba cha nyuma cha duka la Mzee wa Saa, anayetengeneza saa tangu mimi navaa kaptula. Anaweka santuri moja ya roki ya zamani. Tunasikiliza upande mzima, kimya, hata kukohoa ni kosa. Sindano ikiinuka, kila aliyemo chumbani lazima aseme alichosikia. Hakuna kusamehewa. Msoma mita za umeme aliwahi kuingia kwa bahati mbaya, akabanwa mpaka akasema.

Leo ilikuwa ile santuri yenye mnara wa umeme kwenye kava. Nilizungumza dakika ishirini na mbili. Nilichambua gitaa. Nilichambua kinanda na nafasi yake katika zama zile. Kinyozi alikuwa anatazama dari. Mwalimu mstaafu alikuwa anatazama saa, na mle ndani zimo saa arobaini, kwa hiyo hakukosa pa kutazama.

Kisha akasimama shemeji yangu, huyo fundi bomba, mdogo wake mke wangu, niliyemleta chamani kwa mkono wangu mwenyewe. Akasema wimbo wa pili umemfanya atake kumpigia simu mama yake. Basi. Akakaa. Wote wakatikisa vichwa kana kwamba wamesomewa hukumu ya haki. Mzee wa Saa akavua miwani akaifuta!

Mama yake ndiye mama mkwe wangu. Hakuna muziki duniani unaoweza kumfanya mtu atake kumpigia.

Halafu habari kubwa. Mzee wa Saa anahamia kwa binti yake, ghorofa ya tano, kuta nyembamba, mjukuu mchanga. Mashine na santuri zote mia na sitini haziendi naye. Tarehe 18 atampa mtu mmoja tu, yule ambaye masikio yake anayaamini. Kinyozi akauliza atamjuaje. Mzee akasema atajua tu.

Ni mimi, bila shaka. Nani mwingine pale ana masikio?

Jumapili, 5 Mei

Nimemweleza mke wangu. Ameuliza santuri mia na sitini zitakaa wapi. Nikasema kwenye kabati la vyombo. Akauliza vyombo vitakaa wapi. Nikaacha mazungumzo.

Ni mtu mwema, anauza kwenye duka la dawa mtaa uleule wa Mzee wa Saa, na hajawahi kunidhulumu. Lakini muziki hana. Miaka kumi na minane ya ndoa, hajaniuliza hata mara moja kuhusu santuri yoyote.

Nimepata mpango. Shemeji anapendwa kwa sababu anasema sentensi moja. Alazimishwe kusema kumi, ataanza kutokwa jasho! Nitapendekeza kila mtu azungumze si chini ya dakika tano.

Jumatano, 8 Mei

Mzee amekubali. Alinitazama kwa muda, kisha akasema sawa, tujaribu. Mtu asiye na hila ni rahisi sana kumzunguka.

Na si hilo tu. Mezani kwake niliona santuri ya Jumamosi ijayo imeshatengwa: ile yenye farasi watatu. Naijua! Ngoma mwanzo mwisho. Nimerudi nyumbani nikaandika kurasa tatu palepale. Wengine wanasubiri wasikie kwanza ndipo wajue la kusema. Uvivu huo.

Niandike na jambo moja la siri, maana daftari hili halisomwi na mtu. Santuri ninayoipenda kuliko zote si ya farasi wala ya mnara. Ni ile ya kiti chekundu. Upande wa kwanza, wimbo wa tatu. Niliusikia mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa fundi vioo, nimebeba kioo cha dirisha mgongoni, ukitoka kwenye nyumba ya watu. Nikasimama pale njiani na kioo changu. Nilisimama mpaka fundi wangu akaja kunitafuta, akanizaba kibao. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Lakini ni wimbo wa noti tatu tu. Mtu wa hadhi yangu hawezi kusimama mbele ya Mwalimu akatetea noti tatu.

Jumamosi, 11 Mei

Sitaki kuandika. Naandika kwa hasira tu.

Shemeji alianza. Dakika tano! Nilikaa vizuri nimwone akizama. Akasema sauti ya yule mwimbaji inaanzia chini kabisa, kama maji yanaporudi kwenye jengo lililokauka siku tatu. Yeye yuko chini kwenye pampu, peke yake, anayasikia yakipanda bombani ghorofa kwa ghorofa, halafu huko juu kabisa anasikia mtu asiyemjua anacheka. Akasema ndiyo sababu hajaacha kazi hii. Alitumia dakika sita. Kinyozi alifuta macho kwa ile taulo yake ya kazini.

Hayo ni mabomba! Si muziki! Nilitaka kupinga lakini zamu yangu ilikuwa imefika.

Nikasimama. Nikasema juu ya ngoma. Nikasema ngoma hizi ndizo uti wa mgongo wa santuri hii, kwamba mpigaji anazungumza na sisi, anatugombeza, anatusamehe. Nikafika katikati ya ukurasa wa pili. Nikaona hakuna anayetazama dari leo. Wote wananitazama mimi. Nikadhani nimewashika!

"Ngoma zipi?" akauliza Mzee wa Saa, taratibu sana.

Hapakuwa na ngoma. Hata moja. Ilikuwa santuri ya mtu mmoja na gitaa lake. Kumbe Mzee ameanza kufungasha, makava mengine yamechanika, anazitia santuri kwenye kava lolote lililo karibu. Na mimi muda wote ule wa kimya nilikuwa nakariri ukurasa wa kwanza.

Mwalimu akasema debe tupu haliachi kuvuma. Kinyozi alicheka mpaka akatoka nje kupata hewa. Shemeji hakucheka. Hilo ndilo limeniuma zaidi. Alinishika bega akasema, pole shem, hata mimi siku nyingine akili inakuwa mbali. Ananihurumia! Fundi bomba!

Jumatatu, 13 Mei

Nimeandika barua ya malalamiko kwa Mzee wa Saa kuhusu kutia santuri kwenye kava lisilo lake. Nimeeleza kwamba ni udanganyifu kwa msikilizaji. Bado sijaipeleka.

Mke wangu aliuliza kimetokea nini, maana ndugu yake kamwambia niko mnyonge. Nikamweleza yote, na jinsi nilivyoonewa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: sasa wewe mwenyewe ulisikia nini?

Swali gani hilo? Nimeonewa, ananiuliza nimesikia nini.

Nimetafakari. Nimegundua siri yao. Chama kile hakitaki elimu, kinataka machozi. Anayelowa macho ndiye anayeaminiwa masikio. Sawa. Nitalia. Karakana yangu ina vioo vya kila ukubwa, basi nimejizoeza mbele ya saba kwa mpigo. Nimekunja uso hivi na hivi. Katika vyote saba nilionekana mtu anayetaka kupiga chafya. Mke wangu akapita na beseni, akasimama, akanitazama mara saba, akaenda zake.

Alhamisi, 16 Mei

Nimepata! Kwenye mkoba wa mke wangu kulikuwa na kopo la dawa ya kuchua misuli, ile ya kijani yenye harufu ya kufungua kifua. Nimeficha kopo hilo kwenye koti la Jumamosi. Kwenye kifuniko wameandika ikae mbali kabisa na macho. Maana yake inafanya kazi.

Mpango: wimbo ukipoa, nainamisha kichwa kama mtu aliyeguswa, napaka kidogo chini ya kila jicho. Machozi. Sentensi moja fupi. Mashine na santuri mia na sitini.

Barua ya malalamiko nimeichana. Mshindi halalamiki.

Jumamosi, 18 Mei

Naandika na jicho moja.

Mzee wa Saa ametangaza santuri ya mwisho atakayotuwekea katika chumba kile. Kiti chekundu! Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Ulipoanza wa tatu nilisahau kabisa kilichonileta. Nilikuwa nimekaa tu nasikiliza, mikono magotini kama mtoto wa shule. Nusu nzima ya wimbo imepotea hivyo hivyo bila faida!

Bahati nzuri nikakumbuka. Nikatia kidole kwenye kopo. Nikainama. Nikapaka.

Jamani. Nimekiona cha mtema kuni. Nilipiga ukelele ambao saa zote arobaini hazijawahi kuupiga. Nilipaza sauti kwamba nimekuwa kipofu. Kiti kikaanguka, nadhani na mimi pia. Shemeji akanikokota mpaka bombani, uani, chini ya dirisha la chumba, akanifungulia maji, akampigia simu dada yake.

Mke wangu alifika bado amevaa koti jeupe la duka la dawa. Akaninusa. Akaniosha macho kwa maji ya chupa, akaniambia nibaki nimeinama hapo hapo nisijisugue, akaingia ndani kunichukulia koti langu.

Ndani, Mzee alikuwa ameurudisha ule wimbo mwanzo, maana nilikuwa nimewaharibia. Ukacheza hadi mwisho, upande ukaisha, sindano ikainuka. Na mke wangu alikuwa amesimama pale na koti mkononi. Nikasikia Kinyozi akimweleza sheria. Nikasikia mke wangu akisema yeye amekuja kuchukua koti tu. Nikasikia Mzee akisema, sema tu mama, chochote.

Dirisha lilikuwa wazi. Nimesikia kila neno.

"Mimi bendi yenyewe siijui," akasema. "Ila wimbo naujua. Mume wangu huuimba akiwa anakata kioo. Hajui kama anaimba. Asubuhi huwa nasimama mlangoni nangoja amalize ndiyo niende kazini. Ndiyo maana nachelewa."

Mzee akamuuliza tangu lini.

"Tangu anioe. Ila kumbe huu wa kwenye santuri mwishoni unashuka. Wake unapanda." Nikasikia anakung'uta koti langu. "Mimi naona wake ndio mzuri."

Mwalimu, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, alisema yeye anapita. Haijawahi kutokea!

Na mimi niko bombani, kichwa chini, maji yanaingia puani, mke wangu mwenyewe anatangaza mbele ya chama kizima kwamba nakosea mwisho wa wimbo.

Jumapili, 19 Mei

Amepewa yeye.

Narudia, kwa sababu mkono wangu haukubali. Mashine, santuri mia na sitini, na ile meza yake ndogo, amepewa mke wangu! Mtu aliyeingia kuchukua koti! Shemeji amezileta leo kwa gari lake la kazi, katikati ya mabomba, akizishika kama mayai. Alikuwa anafurahi kweli. Mtu ameshindwa na dada yake na anafurahi. Watu wengine hawana hata haya.

Nilimuuliza Mzee wa Saa kwa simu kama kuna rufaa. Akasema, "Fundi, nenda ukamshukuru mkeo." Nimshukuru kwa lipi? Kwa kuwaambia watu kwamba napandisha panaposhuka? Nimemwuliza mke wangu kama alijua atanidhalilisha. Akasema alidhani amenisifu.

Kunisifu! Mtu anayesifu hutaja gitaa. Hutaja mpangilio. Yeye kasema anasimama mlangoni!

Jumanne, 21 Mei

Mke wangu ametoa taarifa: Jumamosi chama kitakutana hapa kwetu. Vyombo vimehamia chini ya kitanda, kwa hiari yake. Ameweka sheria moja tu, hakuna kuja na karatasi. Nimeelewa imelengwa kwa nani.

Lakini sijazaliwa jana. Wiki hii ataweka santuri yenye kofia kwenye kava, nimeiona imetengwa. Sijawahi kuisikia, ila kava linajieleza. Nimeanza kuandika ndani ya mkono wa shati, kwa kalamu nyembamba. Kurasa tatu zinaingia bila shida, na ukikunja mkono kidogo kidogo unasoma mstari baada ya mstari. Shemeji atakoma! Mke wangu ataona nani alistahili. Nikishinda Jumamosi nne mfululizo, atalazimika kuniachia uenyekiti.

Tatizo ni muda. Tangu Jumapili nakata vioo kimya kimya ili nipange hoja kichwani. Asubuhi hii mke wangu alisimama mlangoni, mkoba begani. Alisimama sana. Mwishowe akauliza mbona siku hizi siimbi.

Nimemwambia asinisumbue, naandika mambo ya muziki.